Vita ipi imetuua zaidi Watanzania: Majimaji, ya Mjerumani na Mwingereza, au Kagera?

#1 Mtunza Kumbukumbu
Wakuu, habari za jioni.

Kila ikifika Julai 25, siku ya Mashujaa, vita inayotajwa kwanza redioni na mitaani ni ya Kagera. Sina ubaya nayo. Ila ukikaa na hesabu, Kagera ndiyo iliyotuua wachache kuliko vita zote kubwa zilizopiganwa kwenye ardhi hii. Takwimu rasmi ya wanajeshi wetu waliokufa 1978 hadi 1979 ni 373, na raia waliouawa kule Kagera wanakadiriwa 1,500. Majimaji, 1905 hadi 1907, Wajerumani wenyewe waliandika 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa, aliyezunguka kusini kukusanya masimulizi ya wazee, alifikisha 250,000 hadi 300,000. Ile ya 1914 hadi 1918 hata hesabu moja ya kukubaliana haipo.

Maswali mawili. Ipi ilitugharimu zaidi? Na kwa nini iliyoua wachache ndiyo inayokumbukwa zaidi? Karibuni.

#2 Sajini Mstaafu
Mtoa mada, neno "wachache" lichunge. Mimi nilikuwa Mutukula, nilikuwa Masaka. Hao 373 ninawajua baadhi kwa majina ya utani na kwa vyakula walivyopenda. Na si wote waliopigwa risasi. Kuna waliokwenda kwa mabomu ya ardhini, kuna waliokwenda kwa magari kupinduka usiku bila taa kwenye barabara ya matope. Niliwahi kusaidia kumtoa dereva chini ya lori, ana picha ya mchumba wake mfukoni, imelowa dizeli. Huyo adui hakumgusa. Ila vita ndiyo iliyompeleka pale.

Sikatai hesabu zako. Nasema tu zisomwe taratibu.

#3 Mmatumbi wa Kipatimu
Mtunza Kumbukumbu ameleta mada ya kwetu. Vita ilianzia Nandete, Julai 1905, pamba ya Mjerumani ilipong'olewa shambani. Watu wengi wakisikia Majimaji wanawaza maji hayakuzuia risasi, watu wakafyekwa na bombomu, yaani bunduki za rashasha. Walikufa hivyo, ndiyo. Lakini waliokufa kwa risasi hawafiki robo ya walioondoka kwa njaa. Gavana von Götzen na maofisa wake waliamua kuchoma. Vijiji, maghala, mashamba. Chakula kilichobaki kikaliwa na askari wao.

Bibi yangu alisimuliwa na mama yake kuhusu kula ndiga. Wasioijua: ni kiazi cha porini, kina sumu. Unakimenya, unakikata vipande vyembamba, unakiweka kwenye kikapu, unakilaza mtoni maji yapite juu yake siku kadhaa, ndipo unakianika na kukitwanga. Ukiharakisha kinakulevya, mtoto mdogo anakufa nacho. Sasa fikiria mama mwenye watoto wanaolia na njaa, anaambiwa angoje mto umalize sumu. Wengi hawakungoja. Hao waliokufa kwa ndiga wako kwenye daftari la nani?

#4 Kichwa Ngumu
Mmatumbi leo umekuja na moto, siku nyingine unaandika mstari mmoja tu kuhusu Simba na Yanga 😂 Endelea, tunasoma.

#5 Hesabu Ndogo
Tuweke uwiano, maana idadi tupu inadanganya. Sensa ya 1978 ilitukuta milioni 17.5. Ukijumlisha wanajeshi 373 na raia 1,500, ni mtu mmoja kati ya kama 9,300. Sensa ya Mwingereza ya 1921 ilikuta kama milioni 4.1 Tanganyika. Ukitumia hesabu ya Gwassa, 250,000, ni mtu mmoja kati ya 16. Hata ukikubali 75,000 ya Mjerumani, ni mmoja kati ya 55 hivi. Na Majimaji haikuwa nchi nzima, ilikuwa kusini na sehemu za mashariki. Ndani ya maeneo hayo uwiano unakuwa mkali zaidi.

Kwa hesabu hii hakuna ubishi, Majimaji inaongoza.

#6 Ticha wa Zamu
#5 kazi nzuri, ila kuna tatizo. Sensa ya 1921 ilihesabu waliobaki baada ya Majimaji, baada ya vita kuu ya kwanza, baada ya njaa na baada ya homa ya mafua. Unagawa waliokufa 1905 kwa waliosalimika 1921. Na Mjerumani naye mwaka 1905 hakuwa na sensa ya kweli, alikuwa na makadirio ya kodi ya kichwa. Kwa hiyo ile mmoja kati ya 16 ni dira tu, usiikate kama kisu.

Kitu tunachokijua kwa uhakika ni upande wa pili. Mjerumani alihesabu wake mpaka mmoja mmoja: Wazungu 15, askari weusi 73, na wasaidizi wao 316. Upande mmoja namba inafika mpaka mtu wa mwisho, upande wa pili tunabishana kwa laki. Hiyo peke yake inakuonyesha nani alikuwa na kalamu.

#7 Dogo Janja wa Songea
Kwetu Songea walinyongwa machifu na wasaidizi wao 67 siku moja, Februari 27, 1906, pamoja na Kinjikitile. Makumbusho ya Majimaji yapo, kaburi la pamoja lipo. Kila Februari tunafanya kumbukumbu, kwa hiyo msiseme imesahaulika.

#8 Ticha wa Zamu
Dogo Janja, 67 na tarehe ni sawa. Kinjikitile hakuwemo. Yeye alinyongwa Mohoro, Rufiji, Agosti 4, 1905, vita ikiwa ndiyo kwanza inawaka. Songea Mbano naye hakunyongwa siku ile pamoja na wenzake, aliachwa kwanza, akanyongwa siku chache baadaye. Ukoo wake mpaka leo unadai kichwa chake kilichukuliwa kwenda Ujerumani.

#9 Dogo Janja wa Songea
Shukrani ticha. Suala la kichwa ndilo lililofanya Rais Steinmeier wa Ujerumani aje hapa Novemba 2023 na kuomba msamaha mbele ya familia. Nilikuwepo nje ya uzio. Kichwa bado hakijarudi.

#10 Mtoto wa Taveta
Salamu kutoka upande wa pili wa mpaka. Mnabishana Majimaji na Kagera, hii ya katikati mnaiacha, nayo ndiyo ilikula watu. Mimi nimekulia karibu na makaburi ya vita hapa Taveta, mawe yamepangwa vizuri, nyasi zinakatwa, kila jiwe na jina. Karibu yote ni ya wanajeshi. Wapagazi je? Mwingereza mwenyewe aliandika wapagazi zaidi ya 95,000 waliokufa upande wake, na kwa Kenya peke yake husemwa kama 45,000. Jeshi la Mjerumani, chini ya kamanda von Lettow-Vorbeck, halikuweka hesabu ya wapagazi wake hata kidogo.

Na walikufa na nini? Kuhara damu, malaria, homa ya mapafu. Mtu ametolewa kwenye ndizi au wimbi, anapewa unga wa mahindi uliosagwa ovyo, hana sufuria ya maana, hana muda wa kuupika, mvua inanyesha, mzigo kichwani. Utumbo unachanika. Babu mzaa babu yangu alirudi, lakini mpaka anakufa alikuwa hali ugali wa mahindi, anasema unamkumbusha Rufiji.

Kule Nairobi kuna sanamu, kuna mpagazi amesimama na askari. Maandishi yake yanaahidi kwamba ukifa ukipigania nchi yako, watoto wako watalikumbuka jina lako. Nimeizunguka yote. Jina hata moja halipo.

#11 Mzaramo wa Gerezani
Ile yetu ya Dar pale katikati ya mji ina askari tu na bunduki yake. Wapagazi wametajwa kwenye maandishi ya chini. Na watu wanaonunua vitenge Kariakoo hawajui kwamba pale ilikuwa kambi ya hao wapagazi.

#12 Bintiye Mgogo
Naona hakuna aliyetaja Dodoma, ngoja niitaje. Sisi tuna njaa inaitwa Mtunya, 1917 hadi 1920. Mjerumani alipokuwa anarudi nyuma alichukua ng'ombe na nafaka na vijana wa kubeba. Mwingereza akaja, naye akachukua ng'ombe na nafaka na vijana wa kubeba. Halafu mvua ikakataa. Ugogo ulikuwa na watu kama 150,000, wanakadiriwa walikufa 30,000. Mmoja kati ya watano. Hesabu Ndogo, weka hiyo kwenye kikokotoo chako.

Mgogo anajua kuishi na ukame, huo si mgeni kwetu. Mvua ikikosa unauza ng'ombe, unakwenda kwa shemeji yako aliyeko mbali, unakopa. Mtunya iliua kwa sababu ng'ombe walishakwenda na shemeji naye alikuwa amebeba masanduku ya risasi huko Mahenge.

#13 Daktari wa Wilaya
Dada hapo juu pole kwa simulizi, ni nzito. Lakini kitaalamu naona tunachanganya. Kama njaa ya ukame ni kifo cha vita, na mafua ya 1918 je? Yale yaliua dunia nzima, hata nchi ambazo hazikupigana. Hapa Tanganyika wanakadiriwa 50,000 mpaka 80,000. Tukiyaingiza, vita kuu ya kwanza inaweza kuipita Majimaji. Tukiyatoa, inarudi chini. Lazima tukubaliane kwanza kifo cha vita ni kipi. Mimi ningehesabu wale waliouawa kwa silaha na wale waliokuwa chini ya amri ya jeshi, wapagazi wakiwemo. Basi.

#14 Bintiye Mgogo
Daktari, kwa kipimo chako wote wa Mtunya wanatoka na wote wa ndiga wa #3 wanatoka. Anayepigwa risasi anabaki, anayechomewa ghala anatoka. Aliyechoma ghala alijua anachofanya. Wale maofisa wa Kijerumani waliandikiana wazi kwamba njaa ndiyo itakayowaleta wenyeji magotini. Ilikuwa silaha.

#15 Daktari wa Wilaya
Kwa Majimaji nakubali, pale ilipangwa. Mtunya haikupangwa iue, ni uporaji na ukame vilivyokutana. Na mafua yaliletwa na meli na reli. Ni vitu vitatu tofauti.

#16 Mkaya wa Missenyi
Jamani mimi ni wa Kagera, kitongoji kisicho mbali na Bunazi. Naomba nizungumze kwa niaba ya hao 1,500.

Oktoba 30, 1978 wanajeshi wa Idi Amin wa Uganda waliingia. Nilikuwa na akili zangu, nachunga mbuzi. Watu maelfu kwa maelfu walikimbilia kusini ya mto, na daraja la Kyaka likalipuliwa. Waliokuwa wazee hawakuweza kukimbia. Wapo wanawake waliochukuliwa kupelekwa Uganda, wengine walirudi, wengine hawakurudi, na waliorudi hawakusema. Hao wanahesabiwa wapi? Si marehemu, si majeruhi. Shangazi yangu alirudi, akaishi miaka mingi, hakuolewa, hakukaa na mlango wazi hata mchana.

Halafu kuna hili. Mwalimu alituambia tufunge mkanda miezi 18. Miezi 18 ikaisha, mkanda ukabaki. Vita ilimeza fedha za kigeni zinazokadiriwa dola milioni 500. Miaka ya 80 mwanzoni mnaikumbuka wenyewe: sabuni hakuna, sukari kwa kibali, zahanati ina kitanda na muuguzi, dawa hakuna. Mdogo wangu alikufa kwa malaria 1982, klorokwini haikupatikana. Kama njaa ya Majimaji inahesabiwa, na mimi namweka mdogo wangu kwenye hesabu ya Kagera. Mtunza Kumbukumbu, hapo bado ni "wachache"?

#17 Mtunza Kumbukumbu
Mkaya, pole sana. Hoja yako ni nzito na sina jibu jepesi. Ila miaka ile kulikuwa na mengi: bei ya mafuta, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki 1977, ukame, sera zenyewe. Tukimbebesha Amin yote tunawasamehe wengine.

#18 Mkaya wa Missenyi
Sijambebesha yote. Namdai sehemu yake.

#19 Ssebo wa Masaka
Mimi ni Mganda, Kiswahili nimejifunza hukohuko vitani na baada yake. Mnahesabu Watanzania tu. Mji wetu wa Masaka ulibaki vifusi, mpaka leo kuna viwanja ambavyo nyumba zake hazikurudi. Wanajeshi wa Amin waliokufa wanakadiriwa 1,000, na Walibya waliotumwa kumsaidia kama 600. Wale Walibya wengi walikuwa vijana wasiojua wako nchi gani. Tuliwakuta barabarani Lukaya. Vita ni moja, hesabu zake zisigawanywe kwa bendera.

#20 Sajini Mstaafu
Ssebo, Lukaya umeniamsha. Machi 10 na 11, 1979. Usiku ule yale makombora ya saba saba yalikuwa yanapita juu, ardhi inatetemeka. Sitaandika zaidi kuhusu Walibya. Kweli walikuwa watoto.

#21 Nyalandu Mtafiti
Turudi swali la pili: kwa nini Kagera? Mimi naona ni redio. Novemba 2, 1978 nchi nzima ilimsikia Mwalimu kwa sauti yake: uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Vita nyingine zote hazina sauti. Kitu usichokisikia hukirudii.

#22 Ticha wa Zamu
Redio ni sehemu tu. Kagera tulishinda, na tulishinda wenyewe. Majimaji tulishindwa. Ya 1914 tulikuwa pande zote mbili bila kuulizwa: huyu mpagazi wa Mjerumani, huyu wa Mwingereza, wote Wanyamwezi. Utaadhimisha nini hapo?

#23 Mmatumbi wa Kipatimu
Ticha sikubaliani. Baada ya uhuru Majimaji ilipewa heshima kubwa, ilifundishwa kama mbegu ya umoja wa taifa, makabila mengi kusimama pamoja. Kinjikitile kila mwanafunzi anamjua. Ila walichukua ushujaa wakaacha njaa. Njaa haina shujaa. Kwa hiyo vita imekumbukwa, vifo ndivyo vilivyosahaulika. Na ndiyo maana leo mtalii anakwenda Selous anaambiwa ni pori la asili, kumbe kuna mahame, kuna miembe iliyopandwa na watu.

#24 Mwindaji Mstaafu
Hapo #23 nakupunguza kidogo. Sehemu kubwa ya pori lile ilikuwa na watu baada ya Majimaji pia. Mwingereza ndiye aliyewahamisha wa Liwale miaka ya 1940 kwa sababu ya malale. Majimaji na njaa yake vilipunguza watu, mbung'o na ndovu wakarudi, kisha serikali ikamalizia. Nimetembea humo na bunduki ya kazi, miembe nimeiona, ila si yote ya 1905.

#25 Mhehe Asiyekopa
Wote mnaanzia 1905! Sisi tulianza 1891. Lugalo, Agosti 17, kamanda wa Kijerumani Zelewski na kikosi chake, askari kama 290 walilala pale. Kisha Mjerumani akatulipiza mpaka 1898, akichoma vyakula hivyohivyo, mpaka Mkwawa akajipiga risasi badala ya kukamatwa. Mbinu ya Majimaji ilijaribiwa kwanza Uhehe.

#26 Kichwa Ngumu
Nilikuwa nahesabu posti ngapi zitapita kabla Mhehe hajafika. 24 😂😂

#27 Mhehe Asiyekopa
Na fuvu la kwetu lilirudi, 1954, liko Kalenga. Wa Songea ombeni mbinu.

#28 Dogo Janja wa Songea
Kaka, hilo si la utani kwetu.

#29 Mjukuu wa Keya
Naomba na Burma iingie. Babu yangu alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles wa Mwingereza, alipigana Bonde la Kabaw 1944. Watanganyika makumi ya maelfu walichukuliwa vita ya pili. Februari 12, 1944 meli ya Khedive Ismail iliyotoka Mombasa kwenda Colombo ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldives, ikazama kwa dakika chache. Walikufa karibu 1,300, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Yaani baharini, mchana mmoja, walikwenda wengi kuliko wanajeshi wetu wote wa Kagera mara tatu. Hata wao hawana kaburi la kwenda kulisafisha. Babu alikuwa na rafiki ndani yake. Kila meli ikitajwa nyumbani, alinyamaza.

#30 Nyalandu Mtafiti
Mjukuu, hiyo meli wengi tunaisikia hapa kwa mara ya kwanza. Inaimeza hoja yangu ya redio, maana 1944 redio zilikuwepo, ila habari za meli iliyozama vitani zilifichwa.

Nyongeza kwa #10: Aprili 2021 ile tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Angalia pengo lenyewe. Kati ya namba ndogo na kubwa kuna watu 234,000.

#31 Mama Askari
Nimesoma yote kimya. Mwanangu alikuwa Beni, Kongo, Desemba 2017, kambi ya Semuliki iliposhambuliwa. Yeye alikuwa kambi nyingine. Wenzake zaidi ya kumi waliletwa kwenye majeneza. Wale walikwenda kulinda amani, hawakwenda vitani. Mkifanya orodha yenu muwaweke wapi?

#32 Mtunza Kumbukumbu
Mama, Semuliki wawekwe, na wale saba wa Darfur wa Julai 2013, na waliolala Naliendele, Mtwara, waliokufa Msumbiji. Ningetaka uzi huu uzae orodha moja ya wazi, kila wilaya ilete ya kwake.

#33 Sajini Mstaafu
Kwa Kaboya, kwenye makaburi ya wanajeshi wa Kagera, nitakwenda mwenyewe. Mnara mweupe una majina, nitayapiga picha yote niyalete hapa. Ila Daktari na dada wa Dodoma mkubaliane kwanza yule dereva wangu wa lori anaingia safu ipi, maana Daktari anasema silaha au amri ya jeshi.

#34 Daktari wa Wilaya
Sajini, dereva anaingia bila swali, alikuwa chini ya amri. Anayenipa taabu ni mdogo wa Mkaya, na yule shangazi.

#35 Bintiye Mgogo
Na 30,000 wangu je? Bado hujanijibu kuhusu ng'ombe.